Nani Atatoa Amri? Ulaya, Marekani na Swali Lililoahirishwa Tangu 1954

Tarehe 30 Agosti 1954, Bunge la Ufaransa lililikataa jeshi la Ulaya. Mkataba wa jeshi hilo ulikuwa umeshatiwa saini mjini Paris tangu Mei 1952 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Askari wake wangevaa sare moja na kulipwa kutoka mfuko mmoja. Wajerumani, walioshindwa vita na kunyang'anywa silaha miaka michache tu nyuma, wangerudi jeshini bega kwa bega na Wafaransa, ambao nchi yao waliivamia mwaka 1940. Nchi nne zilikuwa zimesharidhia. Mpango wenyewe ulitoka Ufaransa, kwa Waziri Mkuu René Pleven, mwaka 1950, na Wafaransa hao hao ndio waliouzika, kwa kura 319 dhidi ya 264. Wakomunisti waliukataa kwa sababu zao, wafuasi wa Jenerali Charles de Gaulle wakaukataa kwa sababu zao, na matokeo yaliposomwa wabunge walioshinda wakaimba Marseillaise, wimbo wa taifa.

Ninaamini kwamba mengi tunayoyaona leo kati ya Ulaya na Marekani yana mzizi wake katika siku ile. Watu wanazungumzia fedha: nani anatoa asilimia ngapi ya pato lake, nani anakwepa. Fedha zina uzito wake, lakini swali linalonikosesha usingizi ni nani atatoa amri siku risasi zikianza kulia. Swali hilo Ulaya iliweza kuliahirisha kwa sababu palikuwa na Mmarekani wa kulibeba.

Naandika haya nikiwa magharibi mwa Ujerumani, karibu na Kaiserslautern, nilikoolewa na ninakolea wanangu. Wamarekani wapatao 50,000, yaani askari, wafanyakazi na familia zao, wanaishi katika eneo hili. Kambi ya anga ya Ramstein iko hapa. Hospitali ya Landstuhl, iliyopokea majeruhi wa Iraq na Afghanistan, iko hapa. Wenye nyumba wanawapangishia, mafundi wa Kijerumani wanafanya kazi kambini, watoto wanacheza mpira pamoja. Mwaka 2020, Donald Trump alipotangaza kwamba ataondoa askari karibu 12,000 kutoka Ujerumani, majirani zangu hawakuitaja Urusi hata mara moja. Walizungumzia kodi za nyumba na ajira. Mwaka uliofuata Joe Biden akausimamisha mpango huo, na mazungumzo yakaishia hapo. Hilo lilinisumbua kuliko tangazo lenyewe. Hawa ni watu wanaosoma magazeti, wanaopiga kura katika kila uchaguzi, na bado wamekulia katika nchi ambayo haikuwalazimisha kuuliza nani anawalinda na kwa malipo gani.

Mjomba wangu wa Morogoro, ambaye redio yake haizimwi, aliwahi kuniuliza kwa simu: "Mwanangu, hao wenye kutengeneza Mercedes, inakuwaje wanashindwa kujilinda wenyewe?" Ni swali la haki kabisa. Donald Tusk, Waziri Mkuu wa Poland, aliliuliza kwa namna yake Machi 2025: Wazungu milioni 500 wanawaomba Wamarekani milioni 300 wawalinde dhidi ya Warusi milioni 140. Nilimjibu mjomba kwamba silaha wanazo, tena nyingi, na viwanda wanavyo. Tatizo lao ni kwamba wako wengi na kila mmoja ana jemadari wake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kumbe ni kama sisi."

NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, ilianzishwa Washington tarehe 4 Aprili 1949 ikiwa na nchi 12. Kiini chake ni Kifungu cha 5: atakayeshambuliwa mmoja, wameshambuliwa wote. Tangu mwanzo kuna desturi ambayo haijavunjwa. Katibu Mkuu hutoka Ulaya, na Kamanda Mkuu wa majeshi ya muungano barani Ulaya ni jenerali wa Marekani. Wa kwanza alikuwa Dwight Eisenhower. Ukitaka kuelewa uhusiano huu, anzia kwenye viti hivyo viwili: mmoja anaitisha vikao na kusuluhisha, mwingine anaamuru.

Jeshi la Pleven lilipokufa, Ujerumani Magharibi iliingizwa NATO Mei 1955, na shida ya silaha za Wajerumani ikatatuliwa kwa kuziweka chini ya jenerali yule yule wa Marekani. Ni kweli kwamba hata jeshi la Pleven lingewekwa chini yake wakati wa vita. Lakini lingekuwa na bajeti moja na mfumo mmoja wa kununua silaha, na maofisa wa Kifaransa, wa Kijerumani na wa Kiitalia wangezoea kuamrishana. Kwa miaka 70 wangekuwa wamejifunza.

Sitaki kuwa mkosefu wa shukrani. Miaka mitatu baada ya kura ile, nchi hizo hizo sita zilitia saini mkataba wa Roma na kuanzisha soko la pamoja. Ziliweza kufanya hivyo kwa sababu askari wa Marekani walikuwa wamesimama katikati: Ufaransa haikuwa na haja ya kuviogopa viwanda vya Ujerumani, na Ujerumani haikuwa na haja ya kujihami dhidi ya majirani zake. Umoja wa Ulaya ulijengwa ndani ya ua ambao mlinzi wa geti alikuwa ameajiriwa na mtu mwingine. Ukajengeka vizuri. Mama mkwe wangu alizaliwa mabomu yakianguka; wanangu wanavuka mpaka wa Ufaransa kwenda kununua mkate bila kuulizwa kitambulisho. Anayeidharau amani hiyo hajui ilikotoka.

Lakini kila mara Ulaya ilipojaribu kutembea peke yake, ilijikwaa mahali pale pale. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israel, ziliivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Eisenhower alikasirika, akaibana Uingereza kwenye fedha zake hadi ikasalimu amri. Kutokana na aibu ile moja kila nchi ilipata fundisho lake. Uingereza iliamua kutokwenda tena kinyume cha Washington. Ufaransa iliamua kutoitegemea tena: ikalipua bomu lake la kwanza la nyuklia mwaka 1960 huko Reggane, katika Sahara ya Algeria (na wakazi wa jangwa lile ndio wanaojua gharama yake), na mwaka 1966 de Gaulle akaitoa nchi yake katika uongozi wa kijeshi wa NATO. Makao makuu yakahamia Ubelgiji. Ufaransa haikurudi kikamilifu hadi mwaka 2009. Mpasuko huo wa London na Paris bado haujazibwa.

Kisha ikaja vita ya Yugoslavia. Mwaka 1991 Jacques Poos, waziri wa mambo ya nje wa Luxembourg aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya Jumuiya ya Ulaya, alitangaza kwamba hii ni saa ya Ulaya, si ya Wamarekani. Miaka minne baadaye, Julai 1995, wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa Srebrenica, mji wa Bosnia uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama na uliokuwa na kikosi cha Uholanzi. Vita ilimalizwa na ndege za NATO, Marekani ikiwa mbele, na makubaliano yalifanyiwa katika kambi ya anga huko Dayton, Ohio. Ulaya ilikuwa na majeshi na ilikuwa na ujirani. Ilichokosa ni mtu mmoja wa kusema "twende".

Wasomaji wangu wa Kongo wanajua kisa kingine ambacho Wazungu wengi wamekisahau. Mei 2003 askari wa Uganda waliondoka Ituri, mashariki mwa Kongo, na wanamgambo wa Kihema na Kilendu wakaugombea mji wa Bunia. Askari wachache wa Umoja wa Mataifa, wengi wao kutoka Uruguay, walijikuta wamezingirwa na raia waliokimbilia kwao. Kofi Annan aliomba jeshi la dharura, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1484 tarehe 30 Mei, na Juni Umoja wa Ulaya ukapeleka Operesheni Artemis, ikipitia Entebbe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Ulaya kupigana nje ya bara lake bila kutumia mitambo ya NATO. Tena ilikuwa miezi michache tu baada ya vita ya Iraq kuigawanya Ulaya mapande mawili, kwa hiyo Paris ilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba inawezekana.

Iliwezekana, kwa kiasi. Mji ulitulia na watu wakaanza kurudi. Lakini mamlaka ya kikosi yaliishia Bunia na uwanja wake wa ndege, na vijijini mauaji yaliendelea. Kufikia Septemba walikuwa wameukabidhi mji kwa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na kuondoka. Ninachokitazama mimi ni muundo wake: amri ilitoka Paris, na askari wengi walikuwa Wafaransa. Bendera ilikuwa ya Ulaya, uamuzi ulikuwa wa nchi moja iliyokubali kuubeba. Ndiyo maana kazi ilienda haraka. Watu wa Ituri waliona kwa macho yao, kabla ya Brussels kukiri, kwamba Ulaya inaweza kutenda pale tu mmoja anapokubali kuongoza na wengine wanapokubali kuongozwa.

Maonyo hayakukosekana baada ya hapo. Juni 2011, vita ya Libya ikiwa na wiki 11 tu, Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani, alisema mbele ya watu Brussels kwamba baadhi ya washirika wameanza kuishiwa mabomu. Mwaka 2014, baada ya Urusi kuitwaa Crimea, wakuu wa NATO walikubaliana kwamba kila nchi ielekee asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi. Mwaka huo ni nchi tatu tu zilizokuwa zimefika hapo: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine yote, Kansela Olaf Scholz akatangaza mfuko wa euro bilioni 100, Finland na Sweden zikajiunga na NATO, wakafika 32. Hapa kwetu watu walisema Ulaya imeamka. Nadhani ilifungua jicho moja.

Jicho la pili lilifunguliwa mwaka 2025. Februari, waziri wa ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, aliwaambia washirika Brussels kwamba ulinzi wa Ulaya uwe jukumu la Ulaya yenyewe. Siku mbili baadaye makamu wa rais, J.D. Vance, akawakaripia Munich. Mwisho wa mwezi dunia nzima ikamtazama Volodymyr Zelensky akifokewa Ikulu ya Marekani. Halafu, Machi, Marekani ikasimamisha misaada ya silaha kwa Ukraine pamoja na taarifa za kijasusi, kwa takriban wiki moja. Wiki hiyo naikumbuka kuliko hotuba zote. Mume wangu, ambaye si mtu wa siasa, alikaa mezani na gazeti akasema, "Kumbe wana swichi." Wasomaji wa Bujumbura na Kampala hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza kwa asilimia 20 fedha ulizokuwa ukitoa kwa posho za askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa na askari wa Burundi na Uganda, waliokuwa Somalia, na waliokuwa kwenye mahandaki hawakuwa na la kufanya. Mwaka 2025 Ulaya ilijikuta imekalishwa mahali pale pale.

Kuna jambo jingine lililowauma zaidi, nalo ni Greenland. Mwaka huo huo Trump alikataa kusema kwamba hatatumia nguvu kukichukua kisiwa hicho, ambacho ni sehemu ya ufalme wa Denmark. Kifungu cha 5 kimetumika mara moja tu katika historia yake yote: Septemba 2001, kwa ajili ya Marekani. Denmark ilipeleka vijana wake Afghanistan na zaidi ya 40 hawakurudi, katika nchi yenye watu milioni sita hivi. Marekani ina kambi Greenland kwa makubaliano ya mwaka 1951, wala hakuna aliyewahi kuifukuza. Nimejaribu kutafuta namna ya kulieleza hili kwa upole, sijaiona. Unapomtishia rafiki aliyekuzikia wanawe, unaua kitu ambacho hakuna bajeti inayokirudisha.

Basi fedha zikaanza kumwagika. Machi 2025 Bunge la Ujerumani lilibadili katiba ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasibanwe tena na kikomo cha mikopo. Kwa mtu aliyeishi huku akiona jinsi Wajerumani wanavyoogopa deni, huo ni mtikisiko wa ardhi. Tume ya Ulaya ikatangaza mpango wa hadi euro bilioni 800. Juni, mjini The Hague, NATO ikakubaliana asilimia 5 ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa majeshi na 1.5 kwa barabara, madaraja, mitandao na mambo yanayohusiana. Hispania ikasema haitafika huko.

Mimi naogopa fedha hizi zitapotea njiani. Ripoti ya Mario Draghi, waziri mkuu wa zamani wa Italia, ya mwaka 2024 ilieleza kwamba Ulaya ina aina 12 za vifaru, wakati Marekani inatengeneza aina moja. Kila aina ina vipuri vyake, mafundi wake, mafunzo yake. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipa Ukraine makombora ya mizinga milioni moja ndani ya miezi 12. Muda ulipokwisha ilikuwa imefika karibu nusu. Ufaransa na Ujerumani zilitangaza mwaka 2017 kwamba zitatengeneza ndege ya kivita ya pamoja, na tangu hapo kampuni zao zimekuwa zikivutana juu ya nani aongoze. Wakati zinavutana, wenzao wananunua F-35 kutoka Marekani. Poland, inayotoa zaidi ya asilimia 4 ya pato lake, imenunua vifaru vya Marekani na vya Korea Kusini, kwa sababu Wakorea walileta haraka. Siwezi kuwalaumu Wapoland. Mtu anayepakana na Urusi na Belarus hana muda wa kusubiri wakubwa wamalize ugomvi wao.

Na hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Hofu haifanani. Mkazi wa Tallinn anaijua Urusi kama jirani aliyewapakia babu zake kwenye treni za Siberia. Mkazi wa Lisbon anaiona kwenye ramani. Mtu wa Sicily anatazama bahari na boti. Umoja wa Ulaya, katika mambo ya nje na ulinzi, huamua kwa kauli moja, kwa hiyo nchi moja inaweza kuwazuia wote. Hungary ya Viktor Orbán ilizuia zaidi ya euro bilioni 6 zilizokusudiwa kuwarudishia wenzake gharama za silaha walizoipa Ukraine. Kwa miaka yote hii tofauti hizo hazikuleta maafa kwa sababu neno la mwisho lilitoka Washington. Estonia haikuwa na haja ya kuiamini Ureno. Iliiamini Marekani, Ureno nayo ikaiamini Marekani, na wote wakaketi meza moja wakidhani wanaaminiana.

Silaha za nyuklia zinalionyesha hili waziwazi. Si mbali sana na kwetu, katika kambi ya Büchel, yapo mabomu ya nyuklia ya Marekani. Rubani ni Mjerumani, ndege ni ya Ujerumani, bomu ni la Marekani, na ruhusa ni ya rais wa Marekani. Ujerumani imeagiza F-35 zipatazo 35 ili ziweze kuyabeba mabomu hayo. Yaani hata pale inapotumia mabilioni yake, inanunua ufunguo wa mlango ambao kufuli lake liko kwa mwingine. Ufaransa ina vichwa vya nyuklia takriban 290, na Uingereza kama 225, ingawa makombora yanayovibeba vya Uingereza ni ya Kimarekani. Emmanuel Macron amesema yuko tayari kujadili namna silaha za Ufaransa zinavyoweza kuwalinda wengine, na Julai 2025 Paris na London zilikubaliana kuratibu silaha zao. Ni hatua kubwa. Lakini Macron amesisitiza kwamba kidole kwenye kitufe kitabaki cha rais wa Ufaransa, na mimi namwelewa. Nani angekubali vinginevyo?

Kwa hiyo ninaposikia wanasiasa wa huku wakisema Ulaya ijitegemee, natamani waseme sentensi inayofuata. Kujitegemea maana yake ni kwamba siku moja kijana wa Kaiserslautern atapewa amri na jenerali wa Kipoland, na wazazi wake watakubali. Maana yake ni kwamba Madrid itashindwa kwa kura katika jambo la vita na bado itapeleka watu. Ninachokitaka mimi ni kikundi cha nchi zilizo tayari, Uingereza na Norway zikiwemo ingawa haziko kwenye Umoja, chini ya kamanda mmoja wa Ulaya aliyewekwa mapema, wakati wa amani, ili siku ya shida pasiwe na mkutano wa kumtafuta. Najua ni jambo zito. Lile la 1954 lilikuwa zito zaidi, miaka tisa tu baada ya vita, na mabunge manne yalikubali.

Dalili moja inanipa moyo. Tangu Aprili 2025 Ujerumani ina brigedi mpya Lithuania, ambayo ikikamilika mwaka 2027 itakuwa na watu wapatao 5,000, na wanajeshi wanahamia huko na familia zao. Hilo Ujerumani haikuwahi kulifanya tangu vita iishe. Watoto wa Kijerumani watasoma Vilnius, na wazazi wao wakishambuliwa hapatakuwa na mjadala kama jambo hilo linaihusu Berlin.

Mwaka huo huo wa 2027 Ufaransa itamchagua rais mpya, mtu atakayekabidhiwa silaha pekee za nyuklia zinazomilikiwa na nchi ya Umoja wa Ulaya. Wagombea wataulizwa kuhusu pensheni, uhamiaji na bei ya umeme. Natumaini mwandishi mmoja atasimama na kuwauliza kama wako tayari kuihatarisha Paris kwa ajili ya Vilnius, na atakaa hapo hapo hadi ajibiwe.